CD Haijafa, Wewe Ndiye Hujasoma dmesg

Najua nimepotea majuma kadhaa, na najua kuna wale wanaosubiri sehemu ya tatu ya masomo ya Python. Itangoja. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe najikasirikia mimi mwenyewe, kwa hivyo mnivumilie.

Wiki jana kijana mmoja aliyekuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya kazi aliuliza swali mbele ya watu: "CD yangu inakataa kufunguka kwenye Linux, nifanye nini?" Swali la kawaida kabisa. Majibu aliyopata ndiyo yaliyonikera. Wa kwanza alicheka: "CD? Siku hizi? Umeitoa makumbusho?" Wa pili akamwambia arudi Windows. Wa tatu, ambaye analipwa vizuri sana kwa kazi hii, akamwandikia kwenye karatasi:

sudo chmod 777 /dev/sr0

Jamani! Mtu amekuja na mgonjwa. Mmoja anamcheka, mwingine anamwambia akazae mtoto mwingine, wa tatu anamng'oa mgonjwa meno yote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza lile swali la kwanza ambalo hata mwenye duka la dawa huuliza: anaumwa wapi? Yaani, kompyuta imekuambia nini?

Mimi nilinyamaza. Si kwa upole. Nilinyamaza kwa sababu mwaka 2023 nilitoa jibu lile lile, na likamgharimu mtu mbuzi wawili.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Shangazi yangu alikuja Nairobi kutoka Voi na CD moja ndani ya bahasha ya kaki, ameifunga kwa leso kama anayebeba mayai. Zilikuwa picha za MRI za mgongo wake. Daktari aliyetakiwa kumwona alitaka picha zenyewe zitumwe mapema kwa intaneti, si ile karatasi ya maelezo peke yake. Na kwa kuwa ukoo mzima unajua kwamba nimesomea kompyuta, kazi ikaletwa kwangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nifungulie hii, nione huu mgongo umefanyaje."

Laptopu yangu, kama nyingi za siku hizi, haina mahali pa kuingiza CD. Nikaazima draivu ya nje, zile nyembamba za USB. Nikaichomeka kwenye kile kijisanduku cha kugawanya tundu moja la USB kuwa manne, ambacho tayari kilikuwa na kipanya, kibodi na simu inayochaji. Nikaingiza CD. Ikazunguka, ikalia krr, krr, ikanyamaza, ikalia tena. Nikaandika amri yangu na nikajibiwa hivi:

mount: /mnt/cd: can't read superblock on /dev/sr0.

Nikarudia mara tatu, maana sisi wataalamu huamini kwamba kosa likirudiwa huona aibu likaondoka. Halikuondoka. Basi nikamgeukia shangazi nikamwambia, kwa sauti ile ya mtu mwenye shahada: "Shangazi, hii CD imeharibika. Hivi vitu vimepitwa na wakati."

Hakubisha. Angebisha kwa lipi? Alirudi Voi, wakauza mbuzi wawili, akarudia kipimo. Akalala tena ndani ya lile bomba bila kutikisika, na mgongo ule ule unaouma. Siku ya kuonana na daktari ikasogea mbele majuma matatu.

Desemba nilipokwenda nyumbani kwa sikukuu, ile CD ya kwanza ilikuwa bado juu ya kabati. Draivu nilikuwa nayo, sijui hata kwa nini niliibeba. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, nyaya zote mbili. CD ikafunguka. Faili ya DICOMDIR hiyo hapo, picha zote ziko, hakuna hata moja iliyokosekana. Shangazi alikuwa kando anachambua maharagwe.

"Kumbe inafunguka?"

"Inafunguka, shangazi."

"Kwani haikuwa imeharibika?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Sasa tuingie kazini. Kwanza neno lenyewe, kwa wale wageni wa Linux. Windows ikiona CD huipa herufi, D au E, na inakaa pembeni kama nyumba nyingine. Linux haina nyumba nyingi, ina mti mmoja wa faili unaoanzia kwenye mzizi, ile alama ya mkwaju. Ili uone yaliyomo ndani ya CD, unauchukua mti mdogo ulio ndani ya CD na kuupachika kwenye tawi moja la mti mkubwa, kama mkulima anavyopachika kikonyo cha embe la kisasa kwenye shina la embe la kienyeji. Amri inaitwa mount. Siku hizi mara nyingi hufanyika yenyewe: unaingiza CD na folda inatokea chini ya /media au /run/media. Matata huanza pale isipotokea.

Na isipotokea, ukijaribu kwa mkono, ujumbe maarufu kuliko wote ni huu:

wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sr0, missing codepage or helper program, or other error.

Someni tena polepole. Unaambiwa kwamba huenda umetaja aina isiyo sahihi ya mfumo wa faili, au umekosea chaguo, au superblock ni mbovu, au kuna programu msaidizi inayokosekana, au kosa lingine. Au kosa lingine! Ni sawa na daktari akupime, avue miwani, akuambie: "Una malaria, au taifodi, au umevunjika mguu, au ugonjwa mwingine." Na sisi tunaosoma hivyo tunachagua ugonjwa tunaoupenda. Wengi huchagua "superblock ni mbovu" kwa sababu lina sauti ya kifo. CD ya kawaida hata haina kitu chenye jina hilo. Hilo ni neno la mifumo ya faili ya Unix ambalo mount hulitumia kwa kila mtu bila kumwangalia usoni.

Tuwe waadilifu hata hivyo. Waliotunga ujumbe ule hawakuwa wavivu. Kwa miaka mingi keneli ilipokataa kupachika ilirudisha namba moja tu, mara nyingi EINVAL, ambayo maana yake ni kama "ulichonipa hakieleweki". Programu ya mount hupokea namba hiyo na kuanza kubahatisha. Njia mpya ya kupachika, inayoiwezesha keneli kutuma maelezo kwa maneno, iliingia kwenye Linux 5.2 mwaka 2019, na programu ya mount yenyewe ikaanza kuitumia kwenye util-linux 2.39 mwaka 2023. Miaka yote kabla ya hapo maelezo ya kweli yalikuwepo, ila yaliandikwa mahali pengine, kwenye daftari la keneli. Daftari hilo husomwa kwa amri moja fupi: dmesg.

Hapa nina ugomvi mwingine. Matoleo mapya ya mount yanakushauri kwa upole kwamba dmesg huenda ina maelezo zaidi. Vizuri. Mtoto wa watu anaandika dmesg kwenye Debian au Ubuntu ya siku hizi, anaambiwa hana ruhusa! Ni kweli kuna sababu za usalama, daftari la keneli linaweza kumsaidia mvamizi. Lakini mgeni haelezwi kwamba akitanguliza sudo mlango unafunguka. Anaondoka akiamini kwamba hata jibu limefungiwa kabatini.

Basi fanyeni hivi. Kabla hujaingiza CD, fungua terminali, andika:

sudo dmesg -w

iache wazi, kisha chomeka draivu, kisha ingiza CD, na uangalie keneli ikiandika mbele ya macho yako. Dakika mbili tu. Laiti ningefanya hivyo Agosti ile ningeona mistari ya namna hii, ambayo niliiona baadaye nilipoirudisha draivu makusudi kwenye kile kijisanduku:

usb 1-2: reset high-speed USB device number 7 using xhci_hcd
I/O error, dev sr0, sector 64

Mstari wa kwanza pekee ulitosha kuokoa mbuzi wale. Keneli inasema ilikuwa inawasiliana na kifaa cha USB, kikapotea, ikabidi ikiamshe upya. CD mbovu peke yake si kawaida kukiangusha kifaa kizima kila kinapoanza kuzunguka. Hilo linanuka njaa ya umeme. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepimiwa miliampia 500, na mota ya draivu inapoanza kuzungusha diski huweza kutaka zaidi ya hapo. Ndiyo maana draivu nyingi za aina hii huuzwa na waya wenye vichwa viwili vya USB, na ndiyo maana kichwa cha pili si pambo. Mimi niliigawia mgao mmoja pamoja na simu inayochaji!

Mstari wa pili ni mtamu zaidi, kwa wanaopenda hesabu. Kwa nini sekta ya 64, si ya 3 wala ya 5000? Keneli huhesabu sekta za baiti 512. Mara 64 unapata 32,768. CD ya data huhesabu kwa sekta za baiti 2048, kwa hivyo hapo ni sekta ya 16. Kiwango cha ISO 9660, kilichotolewa mwaka 1988, kinaacha sekta 16 za mwanzo wazi, na kwenye sekta ya 16 ndipo kinapoweka cheti cha diski chenye herufi CD001. Yaani keneli ilibisha hodi kwenye mlango wa kwanza kabisa wa nyumba, umeme ukakatika, nami nikatangaza kwamba nyumba imeungua.

Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Nilijibu maswali ya mtihani kuhusu mifumo ya faili na nikapata alama nzuri. Hakuna siku tuliyokaa maabara na diski inayokataa, tukaulizwa inakataa kwa nini. Tulifundishwa majibu ya mashine nzima. Mashine mbovu tukaachiwa mafundi wa mtaani, ambao kusema kweli wengi wao wanatushinda.

Sasa mtaniambia: wewe, usilie, CD zinakwisha kweli. Nakubali! Mimi mwenyewe siuzi wala sinunui CD. Muziki uko kwenye simu, filamu ziko kwenye intaneti, na Linux yenyewe naisakinisha kwa flashi. Lakini angalieni ni CD gani zimebaki mikononi mwa watu. Picha za hospitali. Video ya harusi ya mwaka 2003. Mazishi ya babu. Kwaya ya kanisa iliyorekodi mara moja ikasambaratika. Wimbo wa mtu aliyeuza nakala zake mwenyewe River Road na hakuna aliyewahi kuupandisha mtandaoni. Zilipokuwa nyingi, ukiharibu moja ungepata nyingine kwa jirani. Kadiri zinavyopungua, ndivyo kila iliyobaki inavyozidi kuwa nakala ya pekee duniani. Kwa hivyo anayesema "CD zimekufa, tupa" amegeuza hoja juu chini. Ni leo, kuliko mwaka 2005, ndipo mtu akikuletea CD inayokataa unapaswa kukaa kitako.

Na kukaa kitako kwenyewe si kazi kubwa, kwa sababu vitu vinavyoweza kukataa ni vichache. Waya na umeme tumevimaliza. Ruhusa ni jambo dogo: ama tanguliza sudo, ama umwingize mtumiaji kwenye kundi la cdrom, na ile chmod 777 muiache ipumzike, maana ukichomoa draivu na kuichomeka tena ruhusa hizo zinatoweka, umeharibu usalama kwa faida ya dakika tano. Na ukiona maneno kwamba kifaa kimezuiwa kuandikwa na kwa hivyo kimepachikwa kwa kusomwa tu, usiogope, hilo si kosa. CD husomwa tu. Nimeona watu wakihangaika na onyo hilo saa nzima ilhali faili zao ziko wazi kwenye folda.

Jina la kifaa nalo linawatesa watu bila sababu. Maelekezo mengi ya zamani yanasema upachike /dev/hdc. Hayo yalikuwa ya kweli enzi zake, wakati draivu za IDE ziliposhughulikiwa na draiva za kale za Linux. Miaka mingi sasa draivu ya CD huitwa /dev/sr0, na draiva zile za kale ziliondolewa kabisa kwenye Linux 5.14 mwaka 2021. Ukiambiwa kifaa hakipo, andika lsblk uone kinaitwaje kwako, badala ya kunakili jina la kifaa cha mtu aliyeandika wakati wewe unasoma shule ya msingi. (Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nimewahi kunakili.)

Halafu kuna CD isiyopachikika hata malaika ashuke, nayo ni nzima kabisa: CD ya muziki. Ndani yake hakuna mfumo wa faili. Kiwango cha Philips na Sony cha mwaka 1980 kiliweka sauti mbichi, baiti 2352 kwa kila sekta, sekta 75 kwa sekunde, na orodha ya nyimbo mwanzoni. Hakuna folda, hakuna majina ya faili. Windows huonyesha vifaili vidogo vya Track01.cda, watu wakadhani ndiyo nyimbo, wakavinakili kwenye flashi na kushangaa vina baiti 44 kila kimoja. Ukijaribu mount kwenye CD ya namna hii utapewa ule ujumbe wa malaria na mguu. Usipachike, itoe nyimbo kwa cdparanoia au programu nyingine ya kunyonya sauti.

Na sasa turudi kwa yule kijana, maana CD yake ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Wenzangu walipokwenda kula nilimwita. "Hebu nionyeshe inavyokataa." Kumbe haikukataa kupachikwa hata kidogo! Ilipachikwa vizuri, folda zikaonekana: MPEGAV, SEGMENT, VCD na nyingine. Ndani ya MPEGAV kuna faili kubwa, AVSEQ01.DAT. Ni alipotaka kuinakili ndipo akapata Input/output error. Alirudia, akasafisha diski kwa shati, akarudia, akakata tamaa. Ilikuwa VCD ya sherehe moja ya nyumbani kwao, mwaka 2004, na humo mna hotuba ya babu yake ambaye hayupo tena. Ndiyo hiyo iliyochekwa.

Tukafungua dmesg pamoja:

Sense Key : Illegal Request
Add. Sense: Illegal mode for this track

Angalieni neno ambalo halipo hapo. Diski ikichubuka hadi isisomeke, draivu husema Medium Error. Hapa inasema kitu tofauti kabisa: ombi lenyewe si halali kwa sehemu hii ya diski. Si kwamba siwezi kusoma. Umeniomba kwa lugha isiyofaa.

Sababu ni hii. Sekta ya CD ya data hubeba baiti 2048 zako, na nafasi nyingine hutumika kusahihisha makosa, maana baiti moja ikipotea kwenye programu, programu yote imekwisha. Waliotengeneza VCD mwaka 1993 walijiuliza: je, kwenye video doa dogo linadhuru nini? Wakaupunguza ulinzi ule na kujaza picha, hadi baiti 2324 kwa sekta, yaani 276 zaidi. Wakaweka video hiyo kwenye njia yake, na kwenye njia ya kwanza wakaweka mfumo mdogo wa faili wa ISO 9660 unaojifanya kwamba video ni faili ya kawaida. Linux inaamini, inakwenda kuomba sekta za baiti 2048, draivu inagoma. Nusu ya VCD zinazotupwa kwa sababu "hazinakiliki kwenye Linux", naapa, hazina hata mchubuko. (Hiyo nusu ni ya hasira, si ya utafiti.) Dawa ni kuacha kunakili faili na kuiomba draivu njia yenyewe. Kwenye kifurushi cha vcdimager kuna programu iitwayo vcdxrip, hiyo ndiyo kazi yake. Kama unataka kutazama tu, VLC inafungua VCD moja kwa moja bila kupachika kitu.

Kuna moja zaidi, na hii ndiyo inayotisha. CD-R inaweza kuandikwa kwa awamu, na kila awamu huitwa sesheni. Mtu akiongeza sesheni ya pili bila kuiunganisha na ya kwanza, kompyuta huonyesha ya mwisho tu. Faili za mwanzo hazijafutwa, zimefunikwa. Unapeleka CD kwa mtu, anaongeza picha tatu kwa nia njema, unarudi nyumbani ukidhani amefuta mia mbili. Programu ya cd-info itakuonyesha sesheni na njia zote zilizomo, na ya kwanza unaweza kuipachika kwa kumwambia mount aanzie mwanzo kabisa wa diski:

sudo mount -t iso9660 -o ro,sbsector=0 /dev/sr0 /mnt/cd

Kwa hiyo, tafadhali, ile sanduku ikitokea kwenye Windows ikikuuliza ungependa kuitumiaje diski hii, au kukuomba ruhusa ya kuitayarisha, na wewe unajua diski ina vitu, bonyeza hapana. Bonyeza hapana hata kama fundi amesimama nyuma yako anakuhimiza.

Na ikiwa dmesg imesema Medium Error kweli? Hapo bado usitupe. Osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Angalia pia upande wa juu, ule wenye maandishi. Kwenye CD tabaka la data liko karibu kabisa na upande huo, kwa hivyo mchubuko wa juu unaua kuliko wa chini, na wale wanaoandika jina la mgonjwa kwa kalamu ya wino wa chuma wanachora juu ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kisha usijaribu kufungua faili moja moja ukiitesa draivu. Chukua nakala ya diski nzima kwa GNU ddrescue, ambayo kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 cd.iso cd.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 cd.iso cd.map

Mara ya kwanza inachukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pabaya. Mara ya pili inarudi mahali pabaya peke yake, ikifuata ramani iliyoandikwa kwenye ile faili ya mwisho. Unaweza kusimamisha, ukalala, ukaendelea kesho. Unaweza hata kuhamia draivu nyingine na ramani ile ile, maana draivu mbili huwa hazishindwi sehemu zile zile. Ukimaliza, pachika nakala na uiache diski ipumzike. Ila kumbukeni, hii ni kwa CD za data. VCD na muziki zina njia zao kama nilivyosema.

Hayo yote, tangu waya hadi ddrescue, ukiondoa muda wa kunakili, ni dakika kumi za kuuliza. Dakika kumi! Mwenzangu aliyecheka alitumia zaidi ya hizo kumweleza kijana kwa nini yeye hatumii CD.

vcdxrip ilifanya kazi wakati tunakula maandazi. Picha ina madoa, hasa mwanzoni, lakini sauti ni safi. Kijana aliomba spika, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Mimi nikajifanya nina kazi kwenye terminali.

Draivu ile niliyoazima sikuirudisha, nilimlipa mwenyewe. Iko mezani kwangu na waya wake wenye vichwa viwili. Aliye Nairobi na CD inayokataa aniandikie, ila aje na maneno kamili ya dmesg, asiniletee "inakataa tu". Kuhusu shangazi, Desemba ile nilimweleza ukweli wote, mpaka kile kijisanduku cha USB. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza bei ya mbuzi siku hizi. Mmoja nimeshamlipa. Wa pili namdai mshahara wa mwezi huu.